Mrejesho: Mhusika wangu hafi tena kwa pigo moja
Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kwenye mchezo wa video wa Elden Ring nakufa kwa pigo moja ilhali nimejaza Strength (sifa ya nguvu) hadi 50. Mkaniambia niangalie Vigor, ile sifa inayoamua wingi wa damu. Nilikuta ni 15 tu!

Nikampelekea Rennala, mhusika wa mchezoni anayekuruhusu kugawa pointi upya, Larval Tear moja (kitu anachodai kama malipo), nikazigawa: 25 nikazitoa kwenye Strength, zote nikazipeleka kwenye Vigor ifike 40. Damu ikatoka 522 hadi 1,450. Nimeona pia kwamba ukivuka 60 faida inakuwa ndogo mno, kwa hiyo sitafika huko.

Nilichohofia ni upanga. Upanga wangu mkubwa, Greatsword, unadai Strength 31, mimi nimebaki na 25. Kumbe ukiushika kwa mikono miwili, mchezo unahesabu Strength yako mara moja na nusu, hivyo hata 21 ingetosha. Ngao nimeiweka pembeni, na siijutii.

Jana usiku mshale wa Radahn, mmoja wa maadui wakubwa wa mchezo, ulinipata kifuani. Nikabaki hai, nikanywa chupa ya kurudisha damu, nikasonga mbele. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza Vigor kwanza.