Disney ya Florida mara ya kwanza, na mtoto wa miaka 3, mchanga na bibi: tupangeje?

mama_wawili

Wakuu habari za humu. Tunaishi Columbus, Ohio, na mwezi wa pili mwakani tunataka kwenda Walt Disney World, Orlando, kwa mara ya kwanza. Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, binti yetu ambaye atakuwa na miaka 3 na nusu (leo ana sentimita 94), mdogo wake wa miezi 8, na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga. Bibi ni mzima, ila magoti hayataki mwendo mrefu.

Hatutalala hoteli za Disney. Tutapanga nyumba nje, gari tutakodi uwanja wa ndege. Tiketi tunafikiria za siku 3. Maswali yangu: katika zile bustani nne tuchague zipi? Ile huduma ya kulipia foleni fupi ina maana kwa mtoto wa umri huu? Mchana alale wapi? Na chakula, maana sisi ni Waislamu. Natanguliza shukrani.

---

rula_na_saa

Karibu dada. Anza na rula kabla ya ramani. Vitu viwili ndivyo vitakavyopanga safari yenu, urefu wa mtoto kwa sentimita na saa yake ya kulala mchana. Mengine yote yatajipanga nyuma ya hayo.

Kwa sentimita 94 anaruhusiwa The Barnstormer (inaanzia 89) na magari ya Tomorrowland Speedway akiwa na mkubwa (inaanzia 81). Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zinaanzia 97. Tiana's Bayou Adventure ni 102, Space Mountain ni 112, TRON ni 122. Mtoto wa umri huo huongezeka sentimita 6 hadi 8 kwa mwaka, kwa hiyo huenda akafika na 96 au 97, yaani pale pale kwenye mstari. Mpime wiki ya safari, amesimama ukutani, nywele zimebanwa chini, maana rasta na mafundo ya juu hayahesabiwi. Mlangoni wanapima tena kila mchezo na hawabembelezeki. Kama hajafika 97, usimtajie kabisa ile treni ya Seven Dwarfs. Kinachowaliza watoto pale ni kuahidiwa kitu wiki nzima kisha kunyimwa mbele ya mlango.

Kuhusu bustani: Magic Kingdom mara mbili, Animal Kingdom mara moja. Hollywood Studios iacheni, mengi ya maana kule yanadai urefu. EPCOT ni nzuri, lakini kuzunguka lile ziwa lenye mabanda ya nchi mbalimbali peke yake ni karibu kilomita 2, na magoti ya bibi umeshayaeleza. Msinunue nyongeza ya kuhama bustani siku hiyo hiyo, kwa watoto wadogo ni hela ya bure. Tiketi ya siku 3 hutumika ndani ya siku 5 tangu tarehe mliyochagua, kwa hiyo wekeni siku moja ya kupumzika katikati. Mchanga haulizwi tiketi, chini ya miaka 3 ni bure. Binti atalipiwa ya mtoto (miaka 3 hadi 9), na punguzo lake ni dogo kuliko watu wanavyotarajia.

Tarehe: kwepeni wiki ya Presidents' Day, Jumatatu ya tatu ya Februari. Shule nyingi hufunga, foleni zinafurika na bei ya tiketi inapanda, kwa sababu bei inafuata tarehe.

Sasa asubuhi ya Magic Kingdom, ambayo wengi huikosea hesabu. Gari haliegeshwi mlangoni. Linaachwa Transportation and Ticket Center, mnakaguliwa mifuko, kisha mnapanda treni ya juu au feri kuvuka ziwa. Toka kuzima gari hadi kugusa geti, wekeni dakika 45. Kama bustani inafunguliwa saa 3 asubuhi, muwe maegeshoni saa 2 kasoro. Kwenye feri mnaingia na kigari cha mtoto bila kukikunja.

Waliolala hoteli za Disney huingia dakika 30 kabla yenu, na hukimbilia sehemu za Fantasyland na Tomorrowland. Ushauri wa zamani wa kuanza na Peter Pan's Flight hauwafai nyinyi: mkifika, foleni imeshajaa. Anzeni Adventureland, upande wa kushoto: Jungle Cruise kwanza, kisha mazulia yanayoruka ya Aladdin. Baadaye ndiyo muingie Fantasyland kwa Dumbo, farasi wa kuzunguka na it's a small world. Kufika saa 5 mtakuwa mmepanda vinne vitano, na kwa mtoto wa umri huo asubuhi imejaa.

Chakula cha mchana agizeni kwenye simu mapema, kabla ya saa 5 na nusu, kwenye programu ya My Disney Experience. Mnachagua muda wa kuchukua, mkifika mnabonyeza kwamba mpo. Anayesubiri saa 7 ndipo afungue menyu atakuta muda wa karibu umekwisha, na mtoto mwenye njaa hasubiri dakika 50. Pawabenki ni lazima, programu hiyo inanyonya chaji.

---

foleni_fupi

Nakubaliana na mengi ya mkuu hapo juu, naongezea kuhusu kulipia foleni. Inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Nyinyi mnaolala nje mnaifungua siku 3 kabla, saa 1 kamili asubuhi kwa saa za Florida, ambazo ni sawa na zenu za Ohio. Wa hoteli za Disney wanaifungua siku 7 kabla, ndiyo maana mazuri huondoka mapema. Mnachagua michezo mitatu na muda wa kila mmoja, na ukishautumia wa kwanza unaongeza mwingine.

Siku ya kwanza ya Magic Kingdom ningelipa, tena kwa sababu hiyo hiyo ya kuingia baada ya wengine. Peter Pan's Flight ina foleni inayotambaa muda wote, kwa kuwa kila merikebu inabeba watu wachache. Ichukueni hiyo, msogeze muda uwe kati ya saa 3 na nusu na saa 5, kabla ya usingizi. Animal Kingdom msilipe. Mchanga hahitaji kulipiwa, anaingia na nyinyi.

Na kuna huduma ya bure ambayo wageni wengi hawaijui: Rider Switch. Kama mtoto hafiki urefu, nendeni familia nzima kwa mfanyakazi wa mlangoni, mumwambie. Baba anaingia foleni ya kawaida, wewe unabaki na watoto. Akitoka, wewe unapita mlango wa foleni fupi. Msigawane kabla ya kumwona mfanyakazi, kwa sababu anataka kumwona mtoto na kuskani tiketi ya anayebaki. Wapo wanaokwenda mmoja mmoja wakifikiri wataeleza baadaye, na hapo wanarudishwa nyuma.

---

njia_ya_harambe

Mimi nizungumzie bibi, na Animal Kingdom.

Viti vya magurudumu vinakodishwa karibu na mlango wa kila bustani, wa kwanza kufika ndiye anayepata. Kikodisheni hata kama bibi atasema haumwi. Mwendo wa siku nzima ni wa kilomita nyingi juu ya zege, na goti likishavimba siku ya kwanza, siku mbili zilizobaki zimekwenda. Akitaka kutembea kidogo, kiti kitabeba mifuko.

Animal Kingdom fikeni inapofunguliwa, nendeni moja kwa moja Kilimanjaro Safaris. Ni lori la wazi, kama dakika 20 hivi, halina sharti la urefu, na asubuhi wanyama wanatembea kabla jua halijawalaza kivulini. Njia imetengenezwa makusudi iwe na mashimo. Mchanga mshikilie kifuani, na bibi mumwambie mfanyakazi mapema ili apangiwe pa kupandia bila papara. Kijiji kinachozunguka hapo, Harambe, kimejengwa kwa kufuata miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta zenye plasta iliyobanduka, milango ya mbao, mabango na matangazo ya Kiswahili ukutani. Mpeni bibi nusu saa ya kukaa pale asome. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni burudani kamili, na mtoto atapata cha kuulizwa na bibi yake. Njia ya kutazama sokwe iko hapo hapo, tambarare, ina kivuli.

Saa 6 mchana tokeni, mmemaliza. Bustani hii haihitaji siku nzima kwa umri huo.

Mkiweza, kula Sanaa, mgahawa ulio Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village. Si lazima mlale hapo, ila mbuke nafasi mapema, mnaruhusiwa siku 60 kabla. Madirisha yanatazama mbuga, twiga na pundamilia wanapita nje. Kuhusu halali: mnapobuku andikeni kwenye sehemu ya mahitaji ya chakula, na mkifika mwombe kuongea na mpishi. Ulizeni nyama, mafuta ya kukaangia na gelatini kwenye vitamu. Samaki na mboga ndiyo njia rahisi.

Njia rahisi kuliko zote ni kubeba chakula chenu. Inaruhusiwa. Chapati, maandazi, matunda, mayai ya kuchemsha, vyote vinapita. Kinachokatazwa ni chupa za kioo (za chakula cha mtoto mchanga zinaruhusiwa), barafu iliyo wazi na barafu kavu, na kontena la baridi linalozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Tumieni zile pakiti za jeli. Maji ya baridi ombeni bure kwenye vibanda vyenye mashine ya soda.

Hati: bibi akipanda ndege ya ndani Marekani anahitaji pasipoti yake, asiiache Columbus. Na bima ya afya ya safari mkate kabla hajaondoka Tanzania. Hospitali za kule hazina bei ndogo.

---

mama_wawili

Jamani asanteni sana, nimeshaanza kuandika. Mawili yamebaki. Kigari: tubebe chetu au tukodi? Na binti ameacha pampasi karibuni, ila vyoo vya umma vinamtisha. Nina hofu atajizuia mwanzo hadi mwisho.

---

rula_na_saa

Bebeni chenu, cha watoto wawili. Vya kukodi pale ni vya plastiki ngumu, havimfai mchanga, na haviruhusiwi kutoka nje ya bustani, kwa hiyo usiku mtabeba watoto mikononi hadi maegeshoni. Kipimo cha juu ni upana sentimita 79 na urefu 132, na yale matoroli ya kuvuta hayaingii. Mashirika mengi ya ndege Marekani hubeba kigari na kiti cha gari bila malipo. Viti vya gari bebeni vyote viwili, sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 3 na chini awe kwenye kiti chake.

Kila mchezo una sehemu ya kuegesha vigari, na wafanyakazi huvihamisha mkiwa ndani. Mtatoka mkute vigari mia vyeusi vinavyofanana. Funga kipande cha kanga chenye rangi kali kwenye mpini, utakiona toka mbali. Usiache simu wala pochi ndani. Februari mvua si nyingi, lakini nailoni ya kufunika kigari haina uzito. Asubuhi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, mchana ikafika 23, basi vaeni nguo juu ya nguo.

Usingizi: siku ya kwanza msijaribu kurudi nyumbani mchana. Kwenda na kurudi, pamoja na feri, kunakula saa mbili. Laza kiti cha kigari, funika na kanga nyepesi bila kuziba hewa, tembea taratibu sehemu zenye kivuli. Au ingieni Carousel of Progress naye mikononi: mnakaa, kuna giza na kiyoyozi, ni kama dakika 20, na bibi anapumzika pia. Siku ya pili ya Magic Kingdom fanyeni kinyume: alale nyumbani, mfike saa 10 jioni, mbaki hadi fataki. Fataki zile zina mshindo. Vizuia kelele vya masikioni kwa watoto wote wawili, na simameni nyuma karibu na lango. Zikimalizika, kila mtu anakwenda feri kwa wakati mmoja.

---

njia_ya_harambe

Choo: kinachowatisha watoto ni kile kinachojiflashi chenyewe wakiwa wamekaa. Nyuma yake kuna jicho dogo jeusi linaloona mtu akisogea. Beba karatasi ndogo za kunata, bandika moja juu ya jicho kabla hajakaa, ibandue akishashuka na kuziba masikio. Mtoto akijua kwamba yeye ndiye anayebandua, anatulia. Tangu asubuhi mpeleke kila baada ya saa moja na nusu, na kabla ya kila foleni inayozidi dakika 20, kwa kuwa ukitoka katikati kurudi ni shida.

Kila bustani ina Baby Care Center, ambapo kuna chumba cha kunyonyeshea, meza za kubadilishia, viti vya kulishia na maikrowevu, na pampasi zinauzwa. Ya Magic Kingdom iko mwisho wa Main Street, kando ya mgahawa wa Crystal Palace. Ijue ilipo mapema, maana watoto waliopotea hupelekwa huko huko. Asubuhi mpige binti picha na nguo aliyovaa, mwandikie namba yako mkononi kwa kalamu isiyofutika, na muoneshe kibandiko cha jina kifuani mwa mfanyakazi wa kwanza mtakayemkuta: akiwapoteza macho, asimame hapo hapo amtafute mwenye kibandiko kama hicho. Namba iandike na msimbo wa Columbus mbele.