MJADALA: Gari ya Mini ya zaidi ya miaka 40 isilipe tozo London, sawa, ila kuiachia itembee bila ukaguzi HAPANA

Wakuu habari za muda huu. Nalileta hili kwa sisi tulioko Uingereza na kwa yeyote anayependa magari ya zamani, maana kila likiguswa watu wanagawanyika pande mbili, wenye magari wanasema wanaonewa wivu, wanaolipa tozo wanasema kuna watu wanapendelewa, na kelele zote hizo hakuna anayezungumzia kutu.

Sheria iko hivi. Gari ikitimiza miaka 40 hapa inahesabiwa ni ya kihistoria. Hailipi kodi ya barabara, ikiingia London hailipi ile tozo ya hewa chafu ya paundi 12.50 kwa siku (ile ya msongamano katikati ya jiji inalipa kama kawaida), na tangu Mei 2018 haidaiwi hata MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka ambao gari zetu nyingine zikishafika miaka 3 lazima zipite. Mwenye gari anatamka tu mwenyewe kwamba haijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30, basi, anaondoka zake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: msamaha wa kodi na tozo ubaki, msamaha wa ukaguzi ufutwe. Na nitaongelea Mini, ile ya asili ya 1959 hadi 2000, siyo hizi za BMW, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono, nimefanya kazi gereji huku Midlands na zimepita mbele yangu za kila hali.

Kwanza kwa nini nasema inastahili kubebwa. Mwaka 1956 Nasser alipotaifisha Mfereji wa Suez na vita ikafuata, mafuta yakaadimika Uingereza hadi petroli ikawa ya mgao, watu wakakimbilia vile vigari vya Kijerumani vya duara ambavyo vingine mlango wake unafungukia mbele. Mmojawapo wa waliokuwa wanavitengeneza alikuwa BMW, hao hao waliokuja kuinunua Rover, waliokuwa wanaitengeneza Mini wakati huo, 1994 na kubaki na jina la Mini, dunia hii ina mambo. Sasa bosi wa BMC, kampuni kubwa ya magari ya Uingereza, Leonard Lord, alivichukia sana vile vigari, akamwambia Alec Issigonis amtengenezee gari dogo la kweli la watu wanne, kwa sharti kwamba atumie injini ambayo kampuni tayari inayo. Issigonis alizaliwa Smyrna, leo Izmir kule Uturuki, na alikuwa ameshatoa Morris Minor, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha.

Alichofanya ndicho kinachonifanya niipende hii gari mpaka leo. Injini akaigeuza ikakaa kwa upana, gia boksi akaisukumia chini yake humo humo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) zikatumia oili moja, Dunlop wakatengenezeshwa matairi ya rimu ya inchi 10, na badala ya springi za chuma akaweka koni za mpira zilizobuniwa na rafiki yake Alex Moulton. Gari nzima mita 3 na sentimita 5, na kama asilimia 80 ya sakafu ni ya watu na mizigo. Ikatoka Agosti 26, 1959, injini cc 848, bei chini kidogo ya paundi 497 na kodi ndani. Ford waliinunua moja wakaifungua kipande kwa kipande na hesabu yao ikasema BMC wanakula hasara kama paundi 30 kwa kila gari.

Wewe unayeendesha Vitz au Passo au Demio pale Dar au Nairobi, fungua boneti uangalie injini imekaaje. Imekaa kwa upana na inavuta tairi za mbele. Mini haikuwa ya kwanza kabisa kufanya hivyo na suala la gia boksi wengine walilifanya vizuri zaidi baadaye, Fiat kupitia Autobianchi Primula ya 1964 waliiweka pembeni ya injini na ndivyo karibu wote wanavyofanya sasa, lakini iliyowaonyesha watu wote kwamba gari dogo linaweza kuwa gari kamili ni Mini. Halafu ikaenda kushinda Monte Carlo Rally 1964 na dereva Paddy Hopkirk, 1965 na Timo Mäkinen, 1967 na Rauno Aaltonen, na 1966 zilimaliza nafasi tatu za juu wakanyang'anywa kwa sababu ya taa! Kigari cha rimu za inchi 10 kinayapita magari makubwa kwenye barafu. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 5.3 na ya mwisho ilitoka kiwandani Longbridge Oktoba 4, 2000.

Na kuiendesha ndiyo usiseme. Usukani umelala kama wa basi, unakaa karibu na lami, ukikata kona gari inageuka pale pale hakuna kusubiri, kwa mwendo mdogo tu unajisikia uko mbioni. Oili moja inahudumia injini na gia kwa hiyo lazima uibadilishe mapema, na distibyuta (inayogawa moto kwa plagi) iko mbele nyuma ya grili kwa hiyo mvua kubwa ikipiga gari inaweza kukuzimikia, wazee wa huku wanaivalisha glavu ya kuoshea vyombo, vidole vinatobolewa nyaya zipite, na inafanya kazi. Vipuri vipo tele, hadi bodi mpya nzima British Motor Heritage wa Witney wanakutengenezea. Kwenye zile za zamani hakuna kompyuta, spana zako na kitabu unafanya kila kitu mwenyewe nje ya nyumba. Kwa hiyo naelewa kabisa mtu akikwambia hii gari usiiue kwa tozo.

Sasa twende kwenye ukaguzi.

Mini haina chasi ya kusema imebeba bodi. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Mbavu za chini ya milango ndizo zinazoshika mbele na nyuma visiachane, na magurudumu ya nyuma yameshikwa na kifremu kilichofungwa kwa boliti chini ya buti, mahali ambapo tope na ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha baridi vinajikusanya na havitoki. Kinaoza kutoka ndani. Nje unaona rangi safi, kromu inang'aa, mistari miwili myeupe kwenye boneti, unatoa hela.

Kuna moja ililetwa gereji tuliyokuwa tunafanya kazi, nyekundu paa jeupe, ya miaka ya sabini, dada mmoja kainunua kwa mtu baada ya kuipenda kwenye picha. MOT haijaguswa tangu msamaha ulipoanza. Alichotaka yeye ni kubadilishiwa oili tu. Nikaipandisha juu, nikagonga mbavu ya upande wa dereva kwa mpini wa bisibisi, sauti ya bati haikuja, ikaja ile sauti butu ya puti. Nikageuza bisibisi nikasukuma ncha kidogo, ikazama yote mpaka kwenye mpini. Tukainua kapeti ndani, kumbe kuna mtu alichukua bati jipya akalichomelea juu ya lile lililooza bila kukata lililooza, katikati maji yamekaa yanakula pande zote mbili, halafu akapiga puti, akapuliza rangi, akaziba kwa rangi nyeusi ya chini. Kifremu cha nyuma upande wa kushoto, pale mkono wa gurudumu unaposhikiwa, ukibonyeza kwa dole gumba kinabonyea. Na breki zilikuwa zinavuta upande mmoja. Yule dada alikuwa anaiendesha motorway na mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Wala hakuvunja sheria kwa kukosa MOT. Hilo ndilo linaloniuma. Sheria inasema ni jukumu lako gari iwe salama, ukikamatwa na gari ya hatari faini inafika paundi 2,500, lakini yeye angejuaje? Mkaguzi wa MOT angeona yote hayo kabla ya kumaliza chai yake.

Na kumbuka ni Mini zipi zimefika miaka 40. Breki za diski za mbele na rimu za inchi 12 kwa Mini zote zilikuja 1984. Ukitoa Cooper na 1275GT, zile za mwendo kasi, zilizotangulia karibu zote ni dramu magurudumu yote manne, za kurekebisha kwa mkono, mtu akisahau pedali inashuka chini. Yaani tumezisamehe ukaguzi zile hasa zenye breki dhaifu zaidi. Hata serikali ilipoomba maoni kabla ya kupitisha hili, waliopinga waliwazidi waliounga mkono, na bado likapita.

Kuna kioja kingine kwenye tozo, nakisema ili nisionekane naficha. Mini ya 1997 ina mfumo wa kupuliza mafuta na ina masega (kichujio cha hewa chafu) kwenye bomba la moshi, lakini haifiki kiwango cha hewa cha Euro 4 kinachotakiwa na haijatimiza miaka 40, ikiingia London inalipa 12.50. Ya 1972 yenye kabureta na haina masega inapita bure. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba msamaha unahusu hewa, hauhusu hewa hata kidogo, unahusu kuhifadhi kitu. Mimi naukubali kwa sababu hiyo ya kuhifadhi. Ila kama ni kuhifadhi, basi anayehifadhi aonyeshe kwamba anahifadhi kweli na siyo kwamba amepaka rangi juu ya shimo.

Haya leteni hoja.

NAONGEZEA baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu aliyesema vijana wa MOT siku hizi hawazijui gari za zamani, watafelisha kila kitu. Hoja nzuri na nimeona mwenyewe kijana anatafuta pa kuchomeka kompyuta kwenye Mini ya 1978. Lakini kabla ya 2018 hizi gari zilikuwa zinakaguliwa na hazikutoweka barabarani, na mwongozo wa MOT una viwango vyake kwa gari za zamani, haulazimishi mikanda mahali ambapo gari haikuzaliwa nayo wala haudai moshi wa Mini uwe kama wa gari ya 2020. Na angalia wenzetu. Wajapani ndio walionunua Mini kwa wingi miaka ya tisini, na kule ukaguzi wao, shaken, gari binafsi inapita kila miaka 2, haijalishi imezeeka kiasi gani, na Mini zao hadi leo Waingereza wanazirudisha huku kuzinunua. Ujerumani gari ikifika miaka 30 na ikiwa katika hali nzuri ya asili inapewa namba yenye herufi H, inaingia miji yenye marufuku ya hewa chafu bila shida, kodi yake ni ya bei moja, LAKINI kila miaka 2 inakwenda kukaguliwa. Ndicho ninachokiomba hapa, sina zaidi.

Dada anayefanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku, ana dizeli ya 2013 na analipa 12.50 kila siku huku jirani yake mwenye nyumba kubwa anatoa Mini Jumapili bure. Dada yangu pole sana, na hapo sina la kukupinga. Ule mpango wa kulipwa hadi paundi 2,000 ukiikabidhi gari ikakatwe ulikuwepo na ukafungwa 2024, wengi wetu taarifa zilitufikia kwa kuchelewa. Hasira yako ni ya haki ila naona ielekezwe kwenye namna tozo inavyowabana watu wa kazi za usiku ambao basi haliwafikii. Ukiitoza Mini ya Jumapili wewe hupunguziwi hata senti.

Mkuu aliyeuliza kwa nini zisigeuzwe zote ziwe za umeme tumalize ubishi. Inawezekana, hata BMW wenyewe walianzisha mradi wa kuzigeuza 2022, na mfumo wake ni kwamba injini ya zamani haitupwi, inawekewa alama na kutunzwa ili siku moja irudi. Mtu akitaka afanye. Ila kulazimisha mimi nakataa, ile injini iliyokaa kwa upana juu ya gia zake ndiyo historia yenyewe, ukiitoa unabaki na bodi nzuri tu. Na ya umeme nayo ina mbavu zile zile zinazooza, tena sasa zimebebeshwa betri.

Kwa wanaouliza inbox kama wanunue: nunueni, ila nendeni na sumaku ndogo na tochi. Sumaku isiposhika kwenye mbavu hapo ni puti. Inueni kapeti zote nne, fungueni buti mtazame pale betri inapokaa, laleni chini muangalie kifremu cha nyuma, na muuzaji mwambieni aipeleke MOT ya hiari, inaruhusiwa hata kama ina miaka 60. Akikataa ondokeni.

Na kwa wale mnaopinga ukaguzi naomba mnijibu hili, maana mpaka sasa hakuna aliyeligusa. Bei ya juu kabisa ya MOT ya gari ni paundi 54.85. Kila miaka 2. Kama Mini yako ni nzima kama unavyosema, hiyo hela inakuumiza wapi?