Gereza la Kilwa Kisiwani SI ngome ya Mreno, tumechoka kulishwa historia nusu

Wakuu, nimerudi juzi kutoka Kilwa na damu bado inanichemka. Tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, mimi na mwanangu wa darasa la sita, tukasimama mbele ya Gereza, ngome iliyokuwa ikilinda bandari. Aliyetutembeza akasema, "Hii ni ngome ya Wareno, 1505." Basi! Akageuka kuelekea msikitini. Mwanangu akauliza, "Na baada ya Wareno?" Hakujibiwa.

Jamani, Mreno alikaa pale miaka 7 tu! Vasco da Gama alikuja 1502 akamtisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, mpaka akalipa kodi. 1505 Francisco de Almeida akaja na jeshi, mji ukaporwa, ngome ikajengwa. 1512 wakafunga virago. Kuta tunazopigia picha leo, za mawe ya matumbawe na chokaa, ni za Waomani, zimeinuliwa mnamo 1800 juu ya mabaki ya ile ya zamani. Najua neno "gereza" lenyewe linasemwa kuwa limetokana na Kireno, igreja, yaani kanisa. Lakini jina halijengi ukuta.

Kinachoniuma hasa ni kile kinachorukwa. 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kwa kila mmoja. Watu! Waliswagwa kwa miguu kutoka bara, wakapakiwa melini kwenda kufanyishwa kazi mashambani kwenye visiwa vya Wafaransa. Waomani walipoishika Kilwa miaka ya 1780 biashara hiyo haikukoma, na ngome hii iliinuliwa ingali inaendelea. Unampitishaje mtoto mlangoni pale bila kumwambia hilo? Anayelipwa kuwaeleza wageni awaeleze yote, hata yanayotia aibu.

Bahari nayo imeshakula upande unaotazama maji. Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati mkubwa. Watu walitoka jasho kuziokoa kuta zile, halafu habari zake tunazimaliza kwa sentensi moja?

Daftari la mwanangu lilikuwa na mstari mmoja: "1505, Wareno." Jana usiku tulikaa mezani tukaandika upya, na kurasa mbili hazikutosha.