Viinitete sita, siku ya tano kimebaki kimoja. Ni umeme?

Mke_wa_Afande (Bombo):
Habari zenu ndugu. Nina miaka 36. Mwezi uliopita nilitolewa mayai 9 kwenye kliniki moja ya Kampala, ya kutungisha mimba maabara (IVF), 6 yakatunga yakawa viinitete, yaani mimba changa kabisa. Siku ya tatu wakanipigia: vinne vinaendelea vizuri. Siku ya tano, kimoja tu. Sasa, usiku wa pili ilinyesha ile mvua ya radi, hata huku kwetu umeme ukakatika. Afande ameshikilia kwamba jenereta yao ilichelewa kuwaka. Mimi nawaza udi: nilijifukiza kidogo asubuhi ya kutolewa mayai, nesi akanifokea mlangoni. Kosa ni langu au lao?

Fundi_Darubini:
Mama, nimekaa maabara za namna hiyo miaka saba. Kwanza mtulize Afande. Kiinitete siku za mwanzo hula akiba ya yai. Kikifika seli 4 hadi 8 ndipo jeni zake zinashika kazi, na hapo vingi hukwama. Hata maabara nzuri hupoteza karibu nusu kabla ya siku ya tano. Kimoja kati ya sita ni kichache, ila si ajabu.

Inkubeta, lile sanduku la joto la kulelea viinitete, ikiwa imefungwa hutunza joto lake la nyuzi 37 kwa muda. Kinachoiharibu zaidi ni kufunguliwa ovyo. Na kila tone la maji ya kulelea kiinitete hufunikwa mafuta lisikauke. Omba rekodi ya joto ya usiku ule.

Mimi ningeuliza gesi ya inkubeta. Oksijeni iwe kama asilimia 5, sawa. Lakini kaboni dayoksaidi ya asilimia 6 inayofaa Mombasa, hapa Kampala haitoshi! Tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo tunapandisha hadi karibu 7 ili asidi (pH) ya maji yale ya viinitete ibaki kati ya 7.2 na 7.4. Wapo wanaosoma namba ya mashine tu, maji hawayapimi. Hilo huniudhi.

Dada_wa_Gulu:
Mimi walinirudisha kuoga kwa ajili ya losheni tu! Harufu yoyote hawaitaki.

Fundi_Darubini:
Na wana haki, mvuke wake huingia kwenye maji ya viinitete. Ila udi wa mlangoni, siku ile moja? Usijitese.

Mke_wa_Afande:
Nimewapigia. Kile kimoja wamekigandisha, salama. Gesi wanasema ni 6. Nikauliza, na asidi mmepima? Dada akanyamaza, kisha akasema daktari atanipigia. Tangu Jumanne.