Nasuka vikapu vya fito za mwerebi (willow) huku Uingereza, ninunue vifaa gani kwanza?

Habari za humu wakuu. Nipo Somerset, huku ndo wanalima mwerebi wa vikapu toka enzi na enzi. Nimeanza darasa la wikiendi na nimenogewa kweli, sasa kuna mzee anastaafu anauza sanduku zima la vifaa vyake vya mkono, kuna visu, misharasi (vyuma vyenye ncha na mpini) mikubwa na midogo, chuma kizito bapa na vile vidude vya kupasulia fito. Bei imechangamka. Nichukue lote au kimoja kimoja? Nataka kusuka vikapu vya kubebea kuni na vya sokoni. Naombeni ushauri.

Bi Ukili: Hongera mdogo wangu. Kwa vikapu hivyo vinatosha vinne tu, mkasi wa kupogolea, kisu kifupi, msharasi mnene na hicho chuma cha kugongea. Msharasi usiubanie hela, maana ukifika kwenye ubavu unauchomeka kwanza kwenye kitako ufungue nafasi ndo unasukuma ufito uliouchonga ncha. Wazee wa huko walikuwa na pembe ya ng'ombe imejazwa mafuta ya mgando, wanachovya msharasi humo, unapita bila kuchana fito.

Fundi Tenga: Chuma cha kugongea cha nini, tumia ubapa wa panga.

Kitako Imara: Hapo kwa panga napinga mkuu. Fito zikikauka zinasinyaa na mistari inaachia, kwahiyo lazima uishindilie ingali mbichi, na chuma kizito ndo kinashindilia sawasawa bila wewe kutumia nguvu nyingi. Vingine vina pete ya kunyooshea fito nene zilizopinda, kikiwa nayo usikiache. Ila kile cha kupasulia, kinachofanana na yai lenye mapezi, kinapasua ufito vipande vitatu au vinne, halafu unapunguza unene na upana kwa vifaa vingine viwili mpaka upate utepe. Hiyo ni kazi ya vikapu laini, kwa kuni huihitaji saivi.

Bi Ukili: Na loweka vizuri jamani, ufito mkavu hauna kifaa cha kuusaidia. Wenye gome kadiria siku moja kwa kila futi ya urefu, uliomenywa saa chache tu, kisha funika na kitambaa kibichi ulale.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kutu kwenye misharasi je?

Kitako Imara: Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa na mafuta, angalia tu usiwe umepinda wala kucheza kwenye mpini. Muulize pia kama ana ubao wa mapajani, wenye tundu, unapigilia kitako hapo kwa msharasi kikapu kinazunguka chenyewe huku unasuka.

Mleta uzi: Ubao upo! Naongea nae anitolee vile vinne na ubao, na nitamuomba anionyeshe anavyokaa.