Maoni ya bei za bando: safari hii niandike nini?

Mama_Steshenari (Ifakara)

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Ifakara, kompyuta mbili, printa na mashine ya kopi. Intaneti ni ya simu, nanunua bando kila asubuhi hata kabla sijafagia. Wateja wangu wengi ni vijana wa fomu za chuo na mkopo wa bodi, na wazee wanaotaka TIN.

Mwanzoni mwa 2021 mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, alipokusanya maoni kuhusu vifurushi, na mimi nilituma. Mistari miwili tu: bando ziko juu, tunaomba zishuke. Tarehe 2 Aprili, Ijumaa Kuu, vifurushi vipya vikaanza. Natoka ibadani, nanunua bando, nakuta hela ileile inaleta MB pungufu. Nikadhani nimebonyeza vibaya, nikanunua tena (mume wangu ananicheka mpaka leo). Watu wakapiga kelele, TCRA ikasitisha, vikarudi vya zamani.

Sasa nauliza: wakiitisha maoni tena, mtu kama mimi aandike nini hadi yasomwe? Maana niliomba kushuka, nikajibiwa kupanda.

Laini_Tatu

Dada, usijichoshe. Kampuni zinapeleka wanasheria na wachumi, wewe unapeleka mistari miwili. Mwenye nguvu mpishe.

Mzee_wa_Hesabu

Mimi niliwahi kuwa mmoja wa hao wanaopeleka makaratasi, nilikuwa kitengo cha bei kwenye kampuni moja kabla sijastaafu. Kwa hiyo nikuambie, mama.

Ukiandika "ghali", maoni yako yanawekwa fungu moja na mengine yote yaliyosema "ghali". Yanahesabiwa, basi. Mdhibiti hapangi bei ya bando lako moja moja. Ameweka kiwango cha chini na cha juu, shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa MB, na kampuni inacheza humo. Ikiwa humo ndani, wewe ukasema ghali, jibu lao limeshaandikwa kabla hujamaliza sentensi.

Tulichokuwa tunakiogopa ni mtu mwenye namba. Angalia gharama ya kuunganisha simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ile ambayo kampuni yako inailipa kampuni ya unayempigia: ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, ikateremshwa kila mwaka hadi 2.00 mwaka 2022. Pale palikuwa na hesabu mezani, hapakuwa na kilio. Leo unajiunga dakika za mitandao yote bila kujiuliza. Huyo ndugu hapo juu mwenye laini tatu anakumbuka kwa nini alizinunua.

Na zile kanuni za 2021 zilizoleta vifurushi vya Ijumaa Kuu usizitupe zote. Humo ndimo mlimokuwa na ujumbe wa kukujulisha bando likifika asilimia 75 na likiisha, na kampuni kuzuiwa kubadili kifurushi kabla ya miezi mitatu. Kelele za Ijumaa Kuu ziliyafunika hayo.

Una daftari la dukani?

Laini_Tatu

Nazikumbuka, mzee. Moja ilikuwa ya mama mkwe peke yake.

Kijana_wa_Likoni

Huku Kenya pia tumeyaona. Desemba 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza ada ya kuunganisha simu ishuke kutoka senti 99 hadi senti 12. Safaricom ikaenda baraza la rufaa. Mwisho wake ikawa senti 58 kuanzia Agosti 2022, kisha senti 41 Machi 2024. Sisi wapiga simu hatukuwa hata mlangoni. Katiba yetu inasema umma ushirikishwe, lakini tangazo la kutoa maoni likitoka, ni nani analisoma? Mimi nilijua habari hii baada ya kesi kwisha. Kwa hiyo dada, andika.

Mama_Steshenari (Ifakara)

Mzee wa Hesabu, shikamoo. Daftari ninalo, huwa naandika bando kwenye matumizi ya duka. Wiki iliyopita, baada ya kusoma maneno yako, kila jioni nimechungulia simu kuona MB zilizobaki kabla hazijafa.

Siku saba, kila siku shilingi 1,000, MB 400 za saa 24. Jumla 7,000 na MB 2,800. Nilizotumia kweli ni MB 1,330. Jumatano umeme ulikatika saa tatu asubuhi ukarudi usiku, siku hiyo nilitumia MB 20 tu. Jumapili nilifungua mchana. Zilizobaki zote zimekufa.

Kwa hesabu ya kampuni nimenunua MB kwa shilingi 2.50. Kwa hesabu ya daftari, 7,000 gawa kwa 1,330, ni shilingi 5.26. Namba zote mbili zimo ndani ya kile kiwango ulichotaja! Ina maana kampuni haijavunja chochote, na mimi nimelipa mara mbili. La mwezi haliishi haraka, nalijua, lakini hela yake ndiyo ninayowekea pango.

Mwanzoni niliomba bei ishuke. Nadhani nilikuwa naomba kitu kisicho chenyewe.

Mzee_wa_Hesabu

Marahaba, mama. Hapo umegusa penyewe. Usiombe bei. Waombe kiwango kipimwe kwa MB zilizotumika, au MB ulizolipia zisife na saa. Weka wiki nne, wiki moja watasema ni bahati mbaya ya umeme. Nakala nyingine ipeleke Baraza la Watumiaji, wale kazi yao ni kusema kwa niaba yako.

Laini_Tatu

Haya, na mimi nimeanza kuandika. Siku ya kwanza zimekufa MB 212. Nilikuwa sijui!

Mama_Steshenari (Ifakara)

Karibu, kaka. Mimi niko wiki ya pili. Kurasa za wiki ya kwanza nimeshazitoa kopi. Ile ya Jumatano imemwagikiwa chai lakini namba zinasomeka.