Tupeane uzoefu: kadi katika gemu za mikakati za papo kwa papo zilikufunza nini?

Mpanga Fungu (mwenye mada)

Wapenzi wa gemu za mikakati, nawasalimu. Nimefungua mada hii ili tusimuliane, kila mmoja kwa aliyoyaona mwenyewe, jinsi kadi zinavyofanya kazi katika gemu zisizo na zamu, yaani zile ambazo saa haikungoji umalize kufikiri. Katika karata za mezani mwenzako akizubaa nawe unapata nafasi ya kuvuta pumzi, lakini huku kila sekunde unayoitumia kuchagua kadi ni sekunde ambayo askari wake wanatembea. Nitaita fungu zile kadi ulizozichagua kabla ya pambano, na mkono zile unazoweza kuzitumia kwa wakati huo. Neno deki ninaliepuka kwa sababu linanikumbusha ndoo na tambara.

Langu linatoka Clash Royale, iliyotoka mwaka 2016, ambamo wawili hushindana kuvunjiana minara. Fungu lina kadi 8: mkononi unashika 4, na 4 nyingine zinangoja foleni. Ukitumia kadi, inakwenda mkiani mwa foleni, na haitarudi mkononi mpaka utumie nyingine 4. Malipo ni eliksa, ambayo katika dakika za mwanzo huongezeka moja kila baada ya sekunde 2.8 na haizidi 10. Kwa muda mrefu nilikuwa muumini wa kadi nzito. Fungu langu lilikuwa na wastani wa eliksa 4.5, likiwa na Golem wa 8 kama turufu, na Inferno Tower ya 5 kama jengo pekee la ulinzi.

Siku moja nilipangwa na mchezaji aliyetumia fungu mashuhuri la Hog Rider, mpanda nguruwe anayekimbilia majengo moja kwa moja, lenye wastani wa 2.6. Kila baada ya muda mfupi alikuwa akitupa Skeletons nyuma ya mnara wake, mahali ambapo hapakuwa na adui wala vita, nami nikacheka nikidhani anachezea mali. Kumbe alikuwa anazungusha foleni. Kadi zake 4 nyepesi kuliko zote, yaani Skeletons na Ice Spirit za eliksa 1 kila moja pamoja na Ice Golem na The Log za 2 kila moja, zilimgharimu 6 tu, sawa na mapato ya sekunde 17 hivi, na Hog Rider wake alikuwa amesharudi mkononi. Mimi, ili Inferno Tower irudi, nilipaswa kutumia kadi 4 ambazo hata zile nafuu kabisa zilifika eliksa 14, yaani sekunde 39. Basi nilimzuia mara ya kwanza vizuri sana, na alipokuja mara ya pili nikawa natazama mkono usio na jengo. Mnara wangu ulivunjika huku Golem akiwa mkononi, mzima, hajawahi kukanyaga uwanja.

Tangu siku hiyo sijauliza kadi ina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza itarudi lini. Karibuni.

Mlowezi wa Tatu

Asante kwa mada. Mimi ni wa Age of Empires III, ile ya mwaka 2005, na huko mfumo ni tofauti kabisa, kwa kuwa hakuna kuvuta kadi kwa bahati. Kadi zote za fungu lako unaziona tangu mwanzo. Kinachokuzuia ni pointi za uzoefu unazozipata kwa kujenga, kuua na kushika vituo vya biashara, pamoja na zama uliyofikia, yaani hatua ya maendeleo ya koloni lako. Pointi zikitimia, unaagiza shehena moja kutoka jiji lako la nyumbani: walowezi, mbao, askari, au maboresho. Kadi nyingi hutumika mara moja tu, na kila shehena hudai pointi nyingi kuliko iliyotangulia.

Kosa langu lilikuwa la tamaa. Nilijaza fungu kwa kadi za zama za tatu na za nne, zile zenye mizinga na majina ya kutisha, nikaacha kadi chache mno za zama ya pili kwa sababu zilionekana duni. Nikaanza vizuri kwa kuagiza walowezi 3, kama wafanyavyo wengi, nikapanda zama ya pili, nikaagiza mbao 700, na baada ya hapo nikaishiwa. Adui hakuwa na haraka ya kupanda zama. Alitulia kwenye ya pili na kuniletea wapiga mishale na mikuki kwa mfululizo. Alama ya shehena ikawa inang'aa juu ya skrini, ikiniambia nina haki ya kuagiza, nami nafungua jiji naona safu nzima ya kadi zilizofifia ambazo sina ruhusa ya kuzigusa. Walowezi wangu wanakufa, na nina mizinga ambayo ingefaa dakika kumi baadaye. Kwa lugha ya karata, nilikuwa nimeshika magarasa matupu, na niliyachagua mwenyewe.

Sasa kila ninapopanga fungu ninahesabu kwanza ni shehena ngapi nitaweza kuagiza nikishikwa shingo zama ya pili, na hizo ndizo ninazoziweka mwanzo. Niongeze kwamba zamani ilibidi jiji lipande ngazi ndipo kadi zifunguke, hivyo mgeni alikuwa anapambana na mwenye kadi asizokuwa nazo. Toleo la Definitive Edition la mwaka 2020 limefungua kadi zote tangu mwanzo na kupanua fungu hadi kadi 25, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa haki kuliko yote waliyoyafanya.

Kidole Kizito

Langu ni fupi. Mikono yangu ni mizito kwenye kibodi, na siwezi kujenga kambi, kuchimba rasilimali na kupigana kwa wakati mmoja. Aina ya pambano iitwayo Blitz katika Halo Wars 2 ya mwaka 2017 ndiyo iliyonirudisha kwenye gemu hizi: hakuna kambi ya kujenga, una fungu la kadi 12 na mkono wa 4, mnagombania maeneo matatu, na wa kwanza kufikisha pointi 200 ameshinda. Wapo wanaosema kadi zimeua gemu za mikakati. Mimi naona zimeniondolea kazi ya vidole na kuniachia ya kichwa.

Rangi Tatu

Niliyejifunza kwa aibu mbele ya wenzangu ni mimi. Katika BattleForge ya mwaka 2009 fungu lina kadi 20 na rangi kuu nne: moto, barafu, asili na kivuli. Kila mnara wa kumbukumbu unaouteka unakupa duara moja la rangi unayoichagua, na kadi kubwa hudai maduara kadhaa, mengine yakiwa ya rangi maalumu. Nilichanganya rangi tatu kwa sababu nilitaka kila kizuri. Tukiwa katikati ya misheni ya ushirika nikateka mnara wa tatu, na kwa haraka nikabonyeza moto badala ya barafu. Kadi tano nilizozitegemea zikabaki zimefungwa. Wenzangu waliniuliza mbona siwatoi askari wakubwa, nami sikuwa na jibu la kuniheshimisha. Gemu hiyo ilifungwa mwaka 2013, ila wapenzi wake wameifufua kwa jina la Skylords Reborn, na ninacheza huko kwa rangi mbili tu.

Ghala Tupu

Nami niongeze upande ambao haujaguswa, ambapo kadi ni ghala. Katika Wargame: Red Dragon ya mwaka 2014 kadi moja ni akiba ya vikosi kadhaa vya aina moja, na ukichagua vyenye uzoefu mkubwa zaidi vitani, kadi ileile inakupa vichache. Halafu kila nafasi unayoongeza katika kundi moja, kwa mfano vifaru, hugharimu pointi zaidi za kuundia fungu. Nilichagua mabingwa watupu, na kwa dakika kumi za mwanzo nilikuwa mfalme. Kisha nikabonyeza kuita kikosi cha kutungulia ndege, nikakuta sifuri. Nilikuwa na pesa za kuita chochote, lakini hapakuwa na cha kuita, na helikopta za adui zikawa zinapita juu yangu kwa utulivu kama zinakagua shamba.

Mlowezi wa Tatu

Mwenye mada, swali moja. Huko kwako kadi za adui hazionekani. Unajuaje kwamba jengo lake halimo mkononi?

Mpanga Fungu

Swali zuri. Bahati nasibu iko kwenye mpangilio wa mwanzo tu. Baada ya hapo foleni haichanganywi tena, kwa hiyo anayehesabu anajua. Kujaribu kukumbuka kadi zote 8 kulinishinda, nikaamua kufuatilia moja tu, ile inayoizuia turufu yangu. Akiiweka uwanjani ninahesabu kwa sauti kila kadi anayoitupa baada yake: moja, mbili, tatu. Nikifika tatu ninajua jengo bado halijarudi, na akitupa moja zaidi litakuwa mkononi. Hapo kwenye tatu ndipo ninapomtuma Hog Rider, maana na mimi sasa natumia fungu lile la 2.6.